Habari za Mzinga wa Mwenzako: Safari ya Hezekia Alute Ntandu, 1969–2025

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Itigi, na ninyi ndugu mliotoka Ikungi na Kilimatinde mkaacha mashamba katikati ya palizi, wanaostahili shikamoo tunawaamkia, na wengine tunawapa pole kama mlivyotupa sisi. Familia ya marehemu Mzee Alute Ntandu imemsimamisha hapa Benson, shemeji wa marehemu, awasomee safari ya Hezekia tangu mwanzo wake mpaka juzi Jumamosi, na imemwonya mara tatu asiongeze chumvi, naye ameahidi kupunguza, hakuahidi kuacha.

Hezekia Alute Ntandu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Aprili 1969 huko Kilimatinde, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Alute Ntandu na mama yetu Severina, wote wawili wametangulia. Mama Severina alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia, alinyamaza kwanza akawaangalia waliomo ndani mmoja mmoja kama anayewahesabu, ndipo akalia, na wapo wazee wa Kilimatinde walioketi hapa ambao wanaweza kuthibitisha, kama bado wanakumbuka. Alibatizwa mwaka 1970 na akapata kipaimara mwaka 1984.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1977 na kumaliza la saba mwaka 1983, shule ileile ya pale kilimani, akiwa wa tatu katika darasa la watoto hamsini na nane. Mwaka huo waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wawili, na wa kwanza na wa pili hawakuwa miongoni mwao, wala wa tatu, na watoto wale wawili walikuwa wa nani familia haitasema, kwa kuwa wenyewe wamekuja kuzika. Marehemu alirudi nyumbani akachunga mbuzi wa baba yake miaka minne.

Mwezi Machi mwaka 1988 aliajiriwa reli, hapa Itigi, katika genge la kutengeneza njia, kazi ya kuinua mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, na kukaza misumari juani kutwa nzima, na kwa muda wa miaka kumi na sita aliifanya bila kukosa siku. Wenzake wa genge waliobaki, ambao tunawaona pale upande wa kulia, wanajua kwamba Hezekia aliweza kuweka kiganja juu ya reli akasema treni ya Tabora imetoka Kitaraka na dereva wake leo ana hasira, na treni ikaja, na dereva akashuka akigombana.

Tarehe 21 Agosti 1993 alifunga ndoa takatifu na Raheli, dada yake Benson, harusi ambayo ng'ombe wake alikuwa mkubwa kiasi kwamba wageni wa kutoka Ikungi walikula siku mbili na mbwa wa mtaa mzima hawakubweka wiki nzima. Mungu aliwajalia watoto watatu, Anastazia mwaka 1994, Happiness mwaka 1998 na Simeoni mwaka 2002, pamoja na wajukuu watano, wote wapo hapa.

Tarehe 30 Juni 2004 genge lilipunguzwa. Waliambiwa asubuhi, wamesimama na nyundo mkononi, kwamba wasubiri nyumbani wataitwa, na hawakuitwa tena, na hapo ndipo inapoanza sehemu ya maisha ya Hezekia ambayo wengi hapa mliiona mkaipa jina baya. Kuanzia mwezi wa tisa mwaka huo marehemu aliingia ndani akalala. Hakuwa na homa, hakunywa pombe, hakugombana na mtu, alilala akiutazama ukuta, chakula akikirudisha kama kilivyoletwa, na ugonjwa huo ambao wataalamu wanauita sonona sisi hapa tulikuwa tunauita uvivu, na kuna watu walipita barabarani wakasema kwa sauti, ili asikie, kwamba Raheli ameolewa na godoro.

Miezi miwili ilipita, ndipo Jumatano moja Benson akasimama mlangoni pa chumba akasema, "Shemeji, nimekutundikia mzinga porini, upande wa Kitaraka, jina lako nimelichonga ubavuni, na leo nyuki wawili wamekuja kuchungulia." Marehemu hakugeuka. Jumatano iliyofuata Benson akaleta habari kwamba wale wawili wamerudi na wakwe zao kukagua nyumba, na iliyofuata kwamba wamegombana juu ya chumba cha uani, na kufikia mwezi wa nne nyuki wa mzinga ule walikuwa na ukoo, na mwenyekiti, na mlevi mmoja ambaye kila siku analetwa nyumbani na wenzake. Benson hakukosa Jumatano hata moja, na uongo wake haukujirudia hata mara moja, jambo ambalo si kila mtu anaweza. Tarehe 13 Julai 2005 marehemu aliketi, akavuta viatu kutoka uvunguni, akasema, "Benson, wewe ni mwongo, twende nikauone huo mzinga." Walitembea kwa muda wa saa tatu kwenye vichaka vile, na mzinga ulikuwepo kweli, na jina lilikuwepo, na ndani hakukuwa na nyuki hata mmoja, kulikuwa na mjusi. Hezekia alicheka mpaka akakaa chini kwenye miiba. Raheli anasema walipoingia uani jioni ile alimwona mume wake akiwa amechanika suruali, na akajua amerudi.

Tangu hapo marehemu akawa mfugaji wa nyuki, na bila kutia chumvi hakuna mtu kutoka hapa mpaka Rungwa aliyetundika mizinga mingi kumzidi, na asali yake ilikuwa na wateja ambao treni ikisimama dakika tano wao huteremkia dirishani. Lakini aliendelea kuwa mtu wa Jumatano. Mwezi Juni mwaka 2016 mpwa wake Elisha, mtoto wa dada yake Jenipher, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne akapata sifuri na kukaa nyumbani miaka miwili akiangalia simu isiyo na salio, alifuatwa na mjomba wake akapewa gogo, patasi na wiki mbili. Alichonga mzinga wake wa kwanza, mbaya, umepinda kama mtu mwenye kichomi, ukatundikwa. Baada ya Elisha wakaja wengine, walioishia la saba, waliofeli, waliopata mimba wakaachishwa, waliokwenda mjini wakarudi na begi lilelile, na mwaka 2022 walikuwa vijana arobaini na wawili, kila Jumatano saa tatu, kwenye banda nyuma ya nyumba hii.

Marehemu aliwawekea utaratibu mmoja tu, na tunaomba wageni wausikilize vizuri. Hakuna aliyeruhusiwa kukagua mzinga wake mwenyewe. Kila mmoja alipewa mwenzake, unakwenda porini unakagua mzinga wa mwenzako, kisha unamletea habari zake nyumbani kwake, mdomo kwa mdomo, hata kama habari yenyewe ni mjusi. Kijana akikosa Jumatano tatu, hakuulizwa mbona huji, alifuatwa alipolala akaambiwa habari za mzinga wake, na aliyempelekea alirudi, Jumatano nyingine, na nyingine. Jesca, ambaye alikuja hapa na mtoto mgongoni na hasemi na mtu, siku moja alimuuliza marehemu, "Baba, sasa kama nataka tu kuuona wa kwangu?" naye akamjibu, "Utauona siku ya kurina asali. Siku nyingine wewe una wa mwenzako." Vijana walilalamika, wakauita utaratibu wa kizee, na hakuna aliyeacha. Mzinga wa Elisha ulikaguliwa na Noel, na mzinga wa Noel ulikaguliwa na Elisha.

Noel ni mtoto wa mama Luciana anayeuza maandazi pale stesheni, aliacha shule kidato cha pili mwaka 2020, kijana mpole, mwenye adabu iliyopita kiasi, ambaye ukimuuliza hali wakati nyumba yake inaungua atakujibu shikamoo, nzuri.

Mwezi Februari mwaka 2023 ulikuja mradi. Shirika lenyewe halitatajwa hapa, shada lao limefika na mmeliona, lile la maua ya plastiki lenye maandishi ya kwamba marehemu alikuwa mshirika wao. Waliokuja walikuwa na gari mbili, na kijana mmoja mstaarabu kwa jina Frank, na walisema wamesikia habari za Jumatano mpaka Dodoma, kwamba wanataka kujua kama utaratibu huu unazuia sonona kwa vijana wasio na shule wala kazi, na ukionekana unazuia utapelekwa wilaya zote. Marehemu hakulala siku ile kwa furaha. Alimwambia Raheli kwamba labda sasa zile Jumatano za uongo za kaka yake zitaandikwa kitabuni.

Kwanza vijana waliulizwa maswali ya karatasi, mara ngapi umekosa raha, mara ngapi umeshindwa kulala, na kila jibu lina alama. Vijana wetu wanajua alama ni nini. Wakaamini ni mtihani, na kwamba mwenye nyingi ndiye aliyefaulu, wakafundishana nyuma ya banda, na Elisha alitoka pale akijivuna kwamba amepata ishirini na mbili na hajawahi kupata ishirini na mbili ya kitu chochote. Noel yeye aliulizwa na mama mtu mzima aliyevaa miwani, na mtu mzima akikuuliza hali unajibu vipi, akajibu nzuri, nzuri, namshukuru Mungu, shikamoo, mpaka mwisho. Akapata sifuri. Karatasi ikaonyesha kwamba kijana mwenye afya kuliko wote Itigi ni Noel, na Noel wakati huo alikuwa hajala vizuri tangu Krismasi.

Kisha wakasema nusu ya vijana wataendelea, hao ndio walio ndani, na nusu watasubiri, ili ilinganishwe, na wanaosubiri wasije Jumatano wala wasitembelewe na walio ndani mpaka mwezi wa kumi na mbili, halafu zamu yao itafika. Karatasi zilikunjwa zikatiwa ndani ya sufuria ya ugali ya Raheli, tarehe 15 Machi 2023, vijana wakaingiza mikono. Elisha akatoa karatasi ya walio ndani. Noel akatoa ya kusubiri, na Jesca ya kusubiri. Historia hii haitakuwa ya kweli tukiificha sehemu inayofuata, kwamba marehemu alisaini. Alikaa na kalamu muda mrefu, akamuuliza Frank, "Mwanangu, hawa wa kusubiri mtawarudia?" Frank akamwambia, "Mzee, hilo nakuhakikishia, tutawarudia." Naye akasaini kuwafungia mlango vijana ishirini na mmoja ambao alikuwa amewafuata mwenyewe kitandani.

Walio ndani walipewa fulana za bluu. Mitaani ikawa unaweza kumjua mtu kwa fulana. Jozi nyingi zilivunjika siku ileile, maana mwenye habari za mzinga alikuwa ndani na mwenye mzinga alikuwa nje, na sharti lilisema wasionane. Elisha aliendelea kukagua mzinga wa Noel kwa sababu ndio aliouzoea, na mwezi wa tano nyuki wakaingia, kundi zima, mzinga ukawa unanguruma. Habari hiyo Elisha alikaa nayo. Mradi ulikuwa umesema mmoja wa walio ndani atachukuliwa kuwa kiongozi wa vijana, na mkataba, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, mradi tu kundi libaki safi bila kuchanganyika, na Elisha alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwahi kuitwa na mtu yeyote kwa kazi. Hilo tunalielewa. Tunalisema ili lieleweke, si ili lipungue.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba Elisha mwenyewe, kwa mdomo wake, alimvuta mjomba wake pembeni akamwambia, "Mjomba, mzinga wa Noel una nyuki tangu mwezi wa tano, mimi sina ruhusa ya kwenda, na mama Luciana anasema hatoki ndani." Marehemu akamuuliza, "Tangu lini hatoki?" Elisha akasema, "Siku nyingi." Jumatano ya tarehe 12 Julai marehemu alipita njia ya nyuma kama mwizi, mtu wa miaka hamsini na nne, akaingia kwa mama Luciana.

Noel alikuwa amelala ameelekea ukutani. Hezekia aliujua ukuta ule, ingawa ulikuwa wa nyumba nyingine. Alikaa mlangoni akasema, "Noel, mzinga wako umepata wenyeji." Hakujibiwa. Alirudi Jumatano iliyofuata akasema wenyeji wamejenga masega manne, na hakujibiwa. Jumatano ya tatu alikuwa ameanza kumsimulia juu ya nyuki mlevi anayeletwa nyumbani na wenzake, maneno ambayo hakuyatunga yeye, ndipo Noel akasema bila kugeuka, "Mzee, nyuki hawanywi." Marehemu akasema, "Sasa njoo uwaulize wenyewe." Mama Luciana alikuwa jikoni, aliacha maandazi yakaungua kwenye mafuta, na hajawahi kuyajutia.

Tarehe 23 Agosti 2023, Jumatano, gari za mradi zilirudi na mkubwa wao, kukaitwa mkutano bandani, walio ndani na viongozi wa mtaa. Mkubwa alikuwa na barua. Aliuliza, "Mzee Hezekia, ni kweli unamtembelea kijana wa kundi la kusubiri?" Akajibu, "Ni kweli." Akauliza, "Mara ngapi?" Akajibu, "Jumatano zote." Akaulizwa kama aliyajua masharti, akasema aliyajua, ila kijana alimjua kabla ya masharti. Kisha barua ikasomwa, na ndani yake kulikuwa na tarehe, na njia ya nyuma aliyopita, na kwamba alikwenda kupeleka habari ya nyuki walioingia mwezi wa tano. Dunia nzima, ukimtoa mama Luciana jikoni kwake, waliojua habari ya nyuki wale walikuwa watatu, Noel aliyelala, Hezekia, na mmoja mwingine aliyekuwa amekaa benchi la mbele amevaa fulana ya bluu. Benson alikuwepo, na anakumbuka kwamba marehemu hakumtazama mpwa wake hata kidogo, alitazama dari la bati muda mrefu, kama anayesikiliza treni.

Mradi ulifungwa siku hiyo. Walisema kundi limeharibika na takwimu zake hazitumiki. Waliokuwa ndani walimgeukia marehemu, si mradi. Vijana aliowafundisha kushika patasi walimwambia mbele ya mke wake, "Mzee umetukatia riziki," na wengine walikwenda wakashusha mizinga yao wakaifanya kuni. Waliokuwa wakisubiri hawakurudiwa, mwezi wa kumi na mbili ulifika ukapita, na wao nao waliona aibu kurudi kwenye mlango waliofungiwa. Na mtaa, ninyi majirani, tunaowashukuru kwa kuni na maji ya msiba huu, mlisema Hezekia amefukuza wafadhili kwa ujuaji wake. Mlisema kwenye mashine ya kusaga, mlisema stesheni. Raheli alikuwa kwenye foleni hiyo ya kusaga. Familia imeona hilo lisomwe leo, kwa kuwa kesho kila mtu atasema alimpenda.

Ile kazi ya kiongozi wa vijana pia haikupatikana. Elisha alikwenda Manyoni, akarudi Oktoba mwaka jana, hakuja kumsalimia mjomba wake.

Marehemu aliendelea na Noel mpaka alipotoka ndani, mwezi wa kumi mwaka 2023, wakaenda wote wawili kurina ule mzinga. Shinikizo la damu lilimwanza Novemba, na tarehe 19 Aprili 2024 alipata kiharusi, upande wa kushoto ukaacha kufanya kazi, akalazwa hospitali hapa Itigi wiki tano, akapelekwa rufaa Dodoma, akarudi. Kuanzia hapo kwa miezi minane Noel alikuja kila Jumatano saa tatu, akakaa pembeni ya kitanda, akampa habari za mizinga yake. Zilikuwa habari za kweli, mpaka Benson akamfundisha kazi ya kutia chumvi. Jesca alianza kuja naye Januari hii. Walikuwa wawili tu kati ya arobaini na wawili, na marehemu alisema wawili ni wengi.

Jumatano iliyopita, tarehe 5 Februari 2025, marehemu aliuliza habari za Elisha. Dada yake Jenipher ndiye aliyesema, huku analia, kwamba Elisha ameingia ndani tangu aliporudi kutoka Manyoni, hali chakula, hasemi, analala ameelekea ukutani, na yeye mama yake aliona aibu kuomba msaada kwenye nyumba hii. Ulimi wa marehemu ulikuwa mzito siku hizo, alisema pole pole, neno moja moja, "Amekosa Jumatano ngapi?" Benson akamwambia, "Shemeji, huyo ndiye aliyekuuza." Akasema, "Sikuuliza hilo. Nimeuliza ngapi." Noel akahesabu, akasema kama kumi na saba. Marehemu akasema, "Mmechelewa kumi na nne." Hakusema jambo jingine la maana siku ile, na Jumamosi tarehe 8 Februari, saa kumi na moja alfajiri, aliaga dunia akiwa na miaka hamsini na tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, ambao walifanya yote yaliyokuwa mikononi mwao, Mchungaji na wanakwaya, wafanyakazi wenzake wa genge la reli, wachonga jeneza waliokataa kupumzika, mama Luciana kwa uji wa miezi minane, na majirani, pamoja na tuliyowasomea. Tunamshukuru pia Frank, ambaye amekuja leo kwa basi, peke yake, bila gari la mradi, amekaa kule nyuma. Frank, ulituhakikishia. Karibu, kaa, chakula kitakufikia huko huko ulipo.

Dada Jenipher alisoma karatasi hii jana usiku kucha na akasema isibadilishwe. Mtoto wake hayupo hapa, ingawa paa la nyumba yao unaliona ukisimama kaburini.

Kesho ni Jumatano. Saa tatu asubuhi tutaondoka hapa kwa miguu kwenda kwa Jenipher, na vijana wote mliowahi kuwa na mzinga, wenye fulana na waliosubiri, mnaombwa mfike. Familia ilipanga Benson atangulie kwa ajili ya mdomo wake, lakini Noel ameomba kubisha hodi yeye, kwa kuwa Elisha ndiye mwenzake, na amekubaliwa. Isieleweke kwamba tumesamehe. Sisi wa nyumba hii hatujasamehe, na huenda tutamkuta amelala na tutakaa mlangoni pake tukiwa na hasira zetu kifuani, lakini tutakaa, na asipogeuka tutarudi Jumatano nyingine.

Hezekia, mwana wa Alute, umekwisha kutembea Jumatano zako zote. Lala sasa, upumzike kwa amani, sisi tunakwenda.